Mwalimu anayeshuka kwenye kartie naye ahesabiwe

Ndugu zetu vijana wa Kasuku, wa Mikelenge na wa Alunguli, na nyinyi wote mnaotusoma kutoka Kasongo, Punia, Kalima, Goma ao Kinshasa, leo hatuandiki juu ya barabara wala umeme. Hizo kelele zetu zingali pale pale na tutazirudilia. Leo tunaandika juu ya watu ambao hatuna desturi ya kuwatetea: walimu wa vyuo vikuu vyetu. Na si wote. Tunataka kusema juu ya wale wanaotoka kwenye oditoriamu, wanashuka kwenye kartie, wanakaa na wamama, wavuvi na walimaji, na wanatafuta majibu pamoja nao. Kazi yao inatusaidia sisi wote, lakini siku ya kupandishwa gradi inahesabiwa sifuri.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu.

Nilikuwa G3, natafuta mada ya TFC. Asistanti aliyenifuata wakati ule alikuwa kijana bado, shati moja safi, viatu viwili vya kubadilisha, na pikipiki ya kuazima. Nilimpelekea mada tatu, zote nilizikuta kwenye TFC za wakubwa wangu. Alizisoma, akazirudisha juu ya meza.

“Wewe kwenu munachota maji wapi?”

“Kwenye kisima cha jirani, asistanti.”

“Basi tuanzie pale.”

Tukaanzia pale. Karibu mwaka mzima, kila Jumamosi, sisi wanafunzi wanne na yeye tulitembea avenu kwa avenu. Tulipima kwa kamba umbali kati ya kila kisima na choo kilicho karibu. Mnajua kanuni: choo kikae angalau mita 30 mbali na kisima. Kwenye parseli zetu za Kindu, fasi nyingine hata parseli yenyewe haina mita 30. Tulichora ramani kwa mkono. Tulichukua maji ndani ya chupa. Tuliwaomba wamama waandike, ao watuambie, siku ambazo watoto waliharisha.

Siku moja mama mmoja, muuza sombe, alituangalia tunapima, akasema: “Papa mwalimu, mvua ikinyesha usiku, maji ya kisima hiki inabadilika rangi siku mbili. Nyinyi munakuja Jumamosi tu, jua likiwaka. Hiyo mumeiandika?”

Hatukuwa tumeiandika. Asistanti alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mama, asante. Kuanzia leo tutakuja asubuhi ya mvua.” Na njo maana tulielewa kitu ambacho hakikuwa kwenye notisi zetu: maji ya juu ndiyo yalikuwa yanaingia kwenye kisima. Mwisho wa ile kazi, wamama wa avenu mbili walichanga makuta, wakajenga ukingo wa sementi kuzunguka visima, wakaweka vifuniko, na mmoja wao akawekwa kusimamia dawa ya kusafisha maji. Hakuna mfadhili aliyekuja kupiga picha. Hakuna ubao wa rangi uliosimamishwa.

Sasa sikieni mwisho wake. Muda wake wa asistanti ulipokwisha, alipeleka dosie yake ili apande kuwa CT. Ndani aliweka ramani, daftari za wamama, na karatasi ya kurasa sita kwa Kiswahili tuliyoigawanya kwenye kartie. Aliulizwa: makala yako katika majarida ya kisayansi ziko ngapi? Alikuwa na moja. Wakamwambia, hii nyingine ni kazi ya ONG, si kazi ya sayansi. Mwenzake, ambaye hakuwahi kushika ndoo ya kisima chochote, alikuwa na makala za kutosha. Akapanda. Simtaji mtu wala chuo, juu ya sababu moja: jambo hili halitoki kwa mtu mmoja mbaya. Ni namna tulivyozoea kuhesabu.

Asistanti wetu aliondoka Kindu. Leo anafanya kazi kwenye ONG kweli, mbali na hapa, na analipwa vizuri kuliko chuo kingeweza kumlipa. Mimi namfurahia. Lakini visima vipya vinachimbwa kila mwaka, vingine tena karibu na vyoo, na hakuna mtu wa kupima kwa kamba.

Hii njo hasara tunayoizungumzia leo. Jina la mtu mmoja kukosa kwenye orodha si kitu kikubwa sana. Kubwa ni kwamba mji mzima unapoteza macho yake.

SHERIA INASEMA KAZI TATU, SISI TUNALIPA MOJA NA NUSU

Chuo kikuu cha Congo kina kazi tatu, na kila rekta anazitaja kwenye hotuba ya kufungua mwaka: kufundisha, kutafiti, na kutumikia jamii. Ya tatu hiyo haikuletwa na sisi vijana. Iko kwenye maandishi ya nchi tangu zamani.

Lakini angalieni namna mwalimu anavyopanda ngazi, kutoka asistanti mpaka CT, kisha profesa asosie, profesa, na profesa ordinere. Kinachoangaliwa ni miaka aliyokaa kwenye gradi, tezi kwa yule anayetaka uprofesa, na idadi ya makala alizotoa. Kufundisha kunaangaliwa nusu nusu. Kutumikia jamii, kama kunatajwa, kunatajwa kama adabu njema: eti mtu huyu ana tabia nzuri, anasaidia watu. Hakuna anayekaa kuuliza: kazi hiyo imeleta ujuzi gani mpya? Nani ameitumia? Imebadilisha nini?

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya asistanti wa Kindu. Wengi wao hawajamekanizwa, maana yake serikali haiwalipi mshahara. Wanaishi na primu inayotoka kwenye fre tunazolipa sisi wanafunzi. Makala kwenye jarida mara nyingi mwandishi mwenyewe ndiye anailipia ili itoke. Akiwa na franga kidogo na Jumamosi moja, atachagua nini? Kushuka Alunguli kwa mtumbwi kukaa na wavuvi, ama kukaa nyumbani kuandika makala ya kurasa kumi ambayo hakuna mtu wa Kindu ataisoma, lakini itaingia kwenye dosie? Atachagua makala. Na hata mimi ningechagua makala. Mtu anafuata mahali hesabu inapofanyika.

Kwa hiyo tusiwatukane walimu kwamba wamefungika kwenye vitabu. Ni hesabu yetu iliyowafungia humo.

KASONGO ILIIFUNDISHA DUNIA, SISI TUMESAHAU

Kuna wanaofikiri kwamba ujuzi unaofanywa pamoja na watu wa kawaida ni ujuzi mdogo, wa daraja la pili. Hao tunawaambia wasiende mbali. Washuke tu kusini mwa jimbo letu hili la Maniema, mpaka Kasongo.

Katika miaka ya 1970, waganga na watafiti wa hapa pamoja na wa Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Antwerpen, Ubelgiji, walikaa Kasongo miaka mingi. Swali lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: namna gani huduma ya afya inaweza kufika kwa mtu wa kijiji, si kwa yule tu anayekaa karibu na lopitali? Walijenga mpango wa vituo vidogo vya afya karibu na watu, lopitali moja ya kupokea wagonjwa wazito, na komite za wakaaji zilizokuwa na sauti kwenye mambo ya kituo chao. Walihesabu, walikosea, walirekebisha, walihesabu tena.

Mwaka wa 1981 makala yao juu ya chanjo ya surua ilitoka kwenye The Lancet, moja ya majarida makubwa ya uganga duniani. Waliuliza kama mtoto aliyeokolewa na chanjo ya surua anabaki kuishi, ama udhaifu na magonjwa mengine yanakuja kumchukua baadaye. Majibu yao yalileta mabishano makubwa, na swali lenyewe lilisaidia kuendesha utafiti mwingine. Na sahihi ya makala ile haikuwa jina la mkubwa mmoja. Ilikuwa jina la kundi la mradi wa Kasongo. Jina la mji wetu njo lilisimama pale mbele ya waganga wa dunia.

Mambo yaliyofanyiwa majaribio Kasongo, pamoja na yale ya sehemu nyingine za nchi kama Bwamanda, Vanga na Kisantu, yaliingia kwenye msingi wa kile tunachokiita leo zoni za afya. Leo Congo ina zoni za afya 519, na Maniema peke yake 18. Kila mara mama wa Kibombo ao Lubutu anapoenda kwenye kituo kidogo kabla ya kutumwa lopitali kubwa, anatembea ndani ya wazo lililopimwa kwa sehemu yake hapa kwetu.

Sasa niulize: ni wangapi kati yetu walifundishwa hayo masomoni? Mimi hapana. Niliyasikia nikiwa mtu mzima. Antwerpen wanayafundisha. Kindu tunayanyamazia. Na kama leo asistanti wa Kindu ao wa Kasongo angefanya kazi ya namna ile, miaka kumi kijijini na komite za wakaaji, gradi yake ingelala pale pale mpaka arudi mjini kuandika makala zake.

HATA MUYEMBE ALISUBIRI

Mfano mwingine mnaujua. Mwaka wa 1976, Jean-Jacques Muyembe, profesa wa Kinshasa, alitumwa Yambuku, Equateur, juu ya ugonjwa ambao haukuwa na jina bado. Alichukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, na alirudi Kinshasa na sista mgonjwa ambaye damu yake ilipelekwa Ulaya. Pale njo virusi vya Ebola vilionekana. Kwa miaka mingi vitabu vya nje vilitaja majina ya wale waliokuwa kwenye laboratwari za Ulaya na Marekani, na jina la mtu aliyeingia kwenye nyumba za wagonjwa lilikuja nyuma, ama halikuja kabisa.

Yeye aliendelea. Kikwit, mwaka wa 1995, wagonjwa walihesabiwa 315. Somo moja kubwa la kule lilikuwa kwamba ugonjwa haushindwi na dawa peke yake: lazima ukae na watu, uzungumze nao juu ya maziko, juu ya kumgusa mgonjwa, juu ya nani anaaminiwa kwenye kartie. Na kutoka kwenye damu ya mtu aliyepona Kikwit, miaka mingi baadaye ilipatikana dawa ya Ebola ambayo Marekani iliikubali rasmi mwisho wa mwaka wa 2020. Mgonjwa wa Kikwit, mwalimu wa Kinshasa na laboratwari ya mbali, kila mmoja alileta kipande chake.

Muyembe leo anajulikana, na ni haki. Lakini si haki mtu angoje miaka 40 ili kazi yake ya shambani iitwe sayansi. Na hatuwezi kujenga chuo kikuu juu ya wale wachache wenye moyo wa chuma. Asistanti wa kawaida, mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba, hawezi kungoja miaka 40.

WENGINE WAMEJARIBU

Tusifikiri kwamba tunaomba muujiza. Mwaka wa 1990, Mmarekani Ernest Boyer, aliyekuwa mkubwa kwenye mambo ya elimu kule, aliandika kitabu kilichosema kwamba kazi ya msomi isihesabiwe kwa uvumbuzi peke yake: kuunganisha ujuzi, kuutumia kwenye shida za kweli, na kufundisha, zote ni usomi na zote zipimwe. Vyuo vingi vya kule vilibadilisha kanuni zao za kupandisha walimu baada ya mjadala ule, na hata zawadi za kila mwaka zikawekwa kwa walimu wanaofanya utafiti pamoja na jamii.

Karibu zaidi na sisi, Makerere ya Kampala inaweka huduma kwa jamii kati ya mambo yanayoangaliwa mwalimu akiomba kupanda. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipoanzisha masomo ya uganga, kilipanga tangu mwanzo kwamba wanafunzi wataenda kukaa na kujifunza kwenye vituo vya afya vya vijijini, na walimu wao wanawafuata kule.

Na hapa hapa mashariki mwa Congo, Beni, chuo cha UCBC kilichoanza mwaka wa 2007 kimefanya kazi na wakaaji ya kupima na kuchora ramani za ardhi, kule ambako shamba moja likigombaniwa na familia mbili damu inaweza kumwagika. Beni, katikati ya vita, wamepata njia. Sisi Kindu tunakosa nini?

“KWANZA MISHAHARA” NA MASWALI MENGINE

Tulipoanza kuzungumza jambo hili na walimu wenyewe, tulipata majibu matatu yanayostahili heshima.

La kwanza: “Vijana, kwanza mishahara. Mtu hajalipwa, nyinyi munamletea zawadi?” Tunakubali. Mishahara na kumekaniza walimu ni madai yetu pia, na walimu wakisimama kwa hayo tutasimama nao. Lakini kuihesabu kazi ya mtu kwenye dosie hakugharimu hata franga moja. Ni mistari michache kwenye kanuni. Hatuoni sababu ya kungoja bajeti ya Kinshasa ili tuandike mistari hiyo. Na mtu anayepanda gradi kwa haki, mshahara wake nao, siku ukija, unakuja na ile gradi.

La pili: “Mtateremsha kiwango. Kila mmoja atapiga picha na wamama watatu sokoni, atasema amefanya kazi ya jamii.” Hofu hii ni ya kweli, maana tunaijua nchi yetu. Njo maana hatuombi mlango wa nyuma. Kazi na jamii ipimwe kwa ukali, hata kuliko makala. Swali lilikuwa wazi? Njia ya kutafuta ilikuwa safi? Wakaaji walishiriki kwenye kuuliza, ao walitumiwa tu kama watu wa kujibu? Matokeo yamerudi kwao kwa lugha wanayoielewa? Kuna kitu kilichobaki: ramani, daftari, mwongozo, kisima chenye kifuniko? Makala ya jarida inaweza kupita bila mtu kuisoma. Lakini ukisema umefanya kazi na wavuvi wa Alunguli, wavuvi wenyewe wako, wataulizwa.

La tatu, hili tuliambiwa kwa sauti ya chini: “Ukishuka kwenye kartie, utaambiwa unafanya siasa.” Hapa tusidanganyane. Mwalimu akipima maji karibu na machimbo, anaweza kumkasirisha mtu mwenye nguvu. Akihesabu watoto wasiosoma, anaweza kumkasirisha mwingine. Kwa hiyo kuitambua kazi hii ni pia kuilinda. Kama chuo kimeiandika kwenye kanuni zake kwamba hii ni kazi halali ya mwalimu, yule anayetaka kumtisha atakutana na chuo kizima. Leo anakutana na mtu mmoja na pikipiki yake ya kuazima.

Na juu ya machimbo, kuna jambo la haraka. Sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na machimbo. Hayo si makuta madogo. Lakini jamii ya Kalima, ya Punia ao ya Namoya itajuaje iombe nini? Maji yao yakoje? Mashamba yao yamepotea kiasi gani? Kampuni ina wataalam wake, serikali ina wake. Kijiji kina nani? Kinaweza kuwa na mwalimu wa chuo kikuu na wanafunzi wake, kama mwalimu huyo anajua kwamba miezi sita aliyokaa kule haitamrudisha nyuma.

TUNACHOOMBA

Tunaandika madai yetu waziwazi ili kila mtu ajue yanamhusu nani.

1. Kwa komite za jestio za vyuo vyote vya Maniema, UNIKI, ISP, ISTM na vingine, vya serikali na vya watu binafsi: wekeni kwenye dosie ya kupandisha gradi sehemu inayoitwa kazi na jamii, yenye uzito unaojulikana na kuandikwa. Ipimwe na wasomi wawili wa fani hiyo, mmoja kutoka nje ya chuo, na isikilizwe sauti ya wakaaji waliohusika.

2. Kwa Waziri wa elimu ya juu: kila mwaka unatoa instruksio akademiki kwa vyuo vyote vya nchi. Tunaomba kazi hii iingie humo kwa maneno ya wazi, ili mwalimu wa Kindu asinyimwe kesho kile alichopewa leo juu ya rekta amebadilishwa.

3. Kwa Gavana na Asamble ya jimbo: wekeni kwenye bajeti ya jimbo mfuko mdogo wa usafiri na vifaa kwa utafiti unaofanywa pamoja na wakaaji. Mtumbwi wa kuvuka Lualaba, esansi ya pikipiki, chupa za kupimia maji. Na mara moja kwa mwaka, mbele ya watu, siyo kwenye bahasha ya usiku, toeni zawadi kwa mwalimu na kwa kartie ao kijiji alichofanya nacho kazi. Kwa wote wawili.

4. Kwa walimu: kila TFC na kila memwari inayozungumza juu ya kartie fulani iwe na kurasa mbili tatu za Kiswahili, na nakala irudi kwa shefu wa kartie. Na majina ya wanafunzi waliobeba kamba na chupa yaandikwe. Mukiomba haki ya kutambuliwa, nasi wadogo zenu mututambue.

5. Kwa sisi wenyewe. Ndiyo, na sisi. Tukifanya konferansi yetu, tunamtafuta nani? Yule mwenye koti na jina refu, Profesa Daktari, atupe picha nzuri. Yule asistanti mwenye vumbi kwenye viatu hatumwiti. Tuanze kumwita. Kila kundi la vijana wa harakati, kwenye komini yake, liandike mwalimu mmoja anayefanya kazi na wakaaji: anafanya nini, fasi gani, tangu lini. Muulizeni kwanza kama anakubali kutajwa. Leteni hayo maandishi kwenye mkutano wetu wa mwezi. Tutayapeleka pamoja na barua hii kwenye vyuo.

Tunajua jibu la kwanza litakuwa kimya. Tumekizoea. Tutarudi, kwa amani, mikono mitupu, na karatasi zetu, mpaka tupewe tarehe ya kuzungumza.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye ile avenu. Kifuniko cha kisima kimoja kimepasuka, lakini kingali pale. Yule mama bado anauza sombe, na bado ana daftari, mwandiko wake mwenyewe, tarehe na mvua. Aliniuliza: “Papa mwalimu atarudi lini? Mumwambie niliendelea kuandika.”

Sikuwa na jibu la kumpa. Barua hii tumeiandika ili siku moja tuwe nalo.

Kindu, kwa jina la vijana wa harakati